"Chochote tu mama": nilivyopanga ujira wa kijana anaemsomesha mwanangu hesabu

Mie fundi cherehani, nipo Wete, Pemba, nashonea barazani kwangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wananiuliza nimejuaje kumpangia bei kijana wa tuisheni na ukweli ni kwamba hesabu zote nimezitoa kwenye cherehani, sikwenda kuuliza kwa mtaalamu yeyote.

Ilikuwa mwezi wa 12, mwanangu karudi skuli na ripoti ya fomu 1, hesabu 18. Kumi na nane kwa mia. Nikaigeuza karatasi nyuma nikidhani labda kuna ukurasa mwengine, hamna. Yeye ananambia "mama mbona kuna mwenzangu kapata 11", kama kwamba hiyo 11 ya watu ndo itamvusha yeye. Na mwakani yake fomu 2 ule mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar unamsubiri, na hesabu kwa sisi Zanzibar mtoto anazianza kwa kingereza tokea darasa la tano, kwa hiyo mtoto anaweza akawa hajui hesabu, au hajui swali limeuliza nini, na wewe mzazi huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Tuisheni ya kundi niliipitia. Elfu kumi kwa mwezi kila kichwa, watoto wamekaa mpaka dirishani, nikaona huyu wangu atakwenda kulala tu. Kuna mwalimu mtu mzima anafata nyumbani, huyo alitaka elfu tano kila akija, siku tatu kwa wiki, hiyo elfu sitini kwa mwezi. Si mbaya kwa mwalimu, ila kwangu mie sitini kila mwezi inamaanisha nisinunue uzi.

Sasa jirani yangu ana kijana wa miaka 17, ndo kwanza kamaliza fomu 4 anasubiri matokeo. Nilikuwa namuona barazani kwao kakusanya wenziwe na daftari hata kabla ya mtihani. Siku moja kaja kupunguza suruali, mwanangu yupo pale anakuna kichwa kwa swali la namba hasi, yule kijana akamwambia "wewe una elfu mbili mfukoni, dukani unadaiwa elfu tano, ukilipa zote ulizonazo unabaki na nini?" Mwanangu akasema nabaki nadaiwa tatu. "Haya andika kutoa tatu." Dakika moja. Mie nimeacha kukanyaga cherehani nawatazama.

Nikamuuliza yule kijana pale pale, utamsomesha mdogo wako huyu, na nikulipe shingapi? Akainamisha kichwa, "chochote tu mama".

Mie hilo neno nalijua vizuri sana. Ndo neno wanalonambia wateja mie, "we nshonee tu fundi tutaelewana", na siku ya kuchukua nguo hatuelewani. Nilipokuwa msichana nilishona nguo za harusi ya jamaa yetu mmoja, wiki nzima silali, sikutaja bei kwa haya, nikaja kupewa sahani ya pilau na dua. Dua niliitikia amina lakini uzi na zipu nilinunua kwa pesa yangu. Kwa hiyo kijana aliponambia chochote sikufurahi kwamba nimepata rahisi, niliona sasa mie ndo nataka kuwa kama wale wateja.

Kwanza nilikwenda kwa mama yake, maana mtoto wa watu hajafika 18, siwezi nikafanya makubaliano nae kichochoroni. Mama yake akacheka, "aa shoga, si mwanao huyo, mtume tu". Nikamwambia kumtuma dukani akaniletee mkate wa boflo ntamtuma na simlipi, lakini hii ni kazi, na mie kazi yangu hunipi chochote wewe, unanilipa. Akanyamaza kidogo akasema basi kaa nae mwenyewe mzungumze, mie sitii mkono. Kaka yangu alieko Unguja nae nikampigia, akasema nimpe elfu moja kila akija inatosha kwa mtoto, atafurahi. Ndio atafurahi. Mara mbili atafurahi, ya tatu atakuja kwa sababu ananionea haya tu.

Nilichokifanya ni hivi. Nilikaa na kijana nikamuuliza, kama huji kwangu ungekuwa wapi? Mie nilitaka aje saa nne asubuhi maana skuli zimefungwa. Akanambia saa nne yupo juu ya mkarafuu. Msimu ulikuwa unaendelea na analipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu anazochuma, siku nzuri anarudi na elfu nane mpaka kumi, siku mbaya nusu ya hapo, na kuna siku ya mvua hapati kitu. Hapo ndo nikapata pa kushika. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo, elfu kumi kwa saa saba za shamba ni kama elfu moja na mia nne kwa saa, tena ya kukwea na tawi la mkarafuu mnalijua wenyewe, likivunjika halina taarifa. Kumtoa kule kwa elfu moja ya kaka yangu ningekuwa namtia hasara kijana wa watu huku najiona namsaidia.

Basi kwanza tukahamisha saa, aje saa kumi na nusu alasiri mwanangu akisharudi chuo cha Kurani, mpaka karibu na saa kumi na mbili, asikose shamba. Halafu nikamuuliza kabla ya kuja anafanya nini. Akaona haya kunambia lakini akanionesha daftari, kaandika maswali kwa mkono kurasa tatu, kayapanga mepesi kwenda magumu, nusu saa nzima ya usiku. Hiyo nusu saa hakuna mzazi anaeihesabu, kama mteja wangu asivyohesabu muda wa kukata kitambaa, anaona nakanyaga tu. Saa na robo ya kusomesha na nusu saa ya kutayarisha, tuseme saa mbili kasoro robo. Nikasema elfu tatu kila ukija. Ni zaidi ya mkarafuu kwa saa, ni chini ya mwalimu mtu mzima alietaka tano, na kwa haki yule mwalimu anajua mitihani inavyotungwa, kijana bado hajui, sikuona sababu ya kuwalinganisha sawa sawa. Mara tatu kwa wiki elfu tisa. Nikamwambia usinijibu leo, kalale nayo. Kesho yake kaja, "ni nyingi mama". Nikamwambia kama ni nyingi nitajua mie, wewe njoo kwa wakati.

Nikaharibu mwenyewe. Tulisema nimlipe mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wateja wangu wawili wakubwa hawajanilipa, nikampa elfu ishirini nikamwambia iliobaki nipe siku chache. "Hamna shida mama." Wiki ya pili akaanza kuchelewa, ya tatu siku mbili hakuja kabisa, mie nimeshanuna moyoni nasema watoto wa siku hizi bwana, kumbe kijana yupo shamba mpaka jioni anatafuta nauli na vitu vyake alivyovihesabia kwenye ile pesa yangu. Mama yake ndo alienambia, kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenitukana. Sisi waislamu tunaambiwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, mie nimeshawasomea hilo wateja wangu mara ngapi. Nikauza vitambaa viwili vya akiba nikamaliza deni, na tokea siku ile ikawa kila Alhamisi akimaliza somo anapewa tisa yake mkononi, wiki ikiwa mbaya nampunguzia siku kabla, sio pesa baada.

Likaja la pili. Jirani wa upande wa pili akamleta mtoto wake, "akae tu pembeni asikilize". Siku mbili anasikiliza, ya tatu anauliza maswali yeye kuliko mwanangu, na kijana kwa haya anamjibu. Nikamwita mama wa yule mtoto nikamwambia shoga kiti cha pembeni nacho kina bei. Nilipanga hivi, watoto wawili elfu tano, kila mzazi mbili na nusu, kwa hiyo mie nimepunguziwa mia tano, na kijana kaongezewa elfu mbili kwa sababu madaftari ya kusahihisha ni mawili. Alinuna wiki nzima hakuja barazani. Baadae kalipa, ila mpaka leo akinipa anahesabu noti mbele ya watu.

Na siku mwanangu akipelekwa harusini bila ya kumwambia kijana, akaja akakuta mlango umefungwa, nalipa. Akiwa yeye ndo hakuja, silipi. Hilo hatukubishana.

Matokeo ya fomu 4 yakatoka, kijana kapata A ya hesabu, mtaa mzima umejua kabla ya magharibi. Wakaanza kuja watu kumtaka. Nikajiuliza, je nimuongeze? Kusema kweli A haikubadilisha somo la jana yake, anafundisha vile vile. Kilichonifanya nimuongeze ni kwamba skuli zimefunguliwa, mambo ya fomu 2 yamekuwa mazito, logariti na maumbo, nikaona maandalizi yake ya usiku sasa ni saa nzima, taa ya kwao naiona. Nikapandisha mpaka elfu nne akimsomesha mwanangu peke yake, jirani nae akaambiwa, na wakiwa wawili tukawa tunatoa tatu tatu na kijana anapata sita. Mwanangu jaribio la mwezi wa 3 kapata 41. Ni D, najua, msinipongeze sana, lakini ile 18 nnayo bado nimeibandika ndani ya kabati.

Iddi nilimshonea kijana kanzu. Mwanangu akasema basi mama wiki hii usimlipe, kanzu ni ghali kuliko. Nikamwambia kanzu ni ya Iddi, Alhamisi ni ya Alhamisi.

Mwezi wa 7 kijana kapangiwa fomu 5 ya bweni, anaondoka. Kabla ya kuondoka kaniletea mwenziwe wa kushika nafasi yake, kijana mpole, kakaa ukingoni mwa baraza miguu inamtetemeka. Nikamuuliza, na wewe nikulipe shingapi mwanangu? Akainama, "chochote tu ma..." hajamaliza, yule wa kwanza kamkanyaga mguu, akanigeukia mie:

"Elfu nne mama. Na kila Alhamisi."

Nikamwambia nne ya nani, ataanza na tatu kama ulivyoanza wewe. Akafikiri. "Tatu, mpaka mwezi wa 9." Tukakubaliana mwezi wa 9.