Daftari la baada ya Isha

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa Moi Avenue, Mombasa, pamoja na wenzangu kuupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi Kenya. Jioni zikafika habari za Bunge kuvamiwa kule Nairobi, na picha za waliopigwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Wengi walishangilia. Mimi usingizi ulikuwa umeshanihama.

Kazi yangu ni kupiga chapa katika duka la fotokopi, Mwembe Tayari. Watu hutuletea viapo, barua za kazi, karatasi za kesi. Wiki ile walianza kuja akina mama waliokuwa wakitafuta watoto wao waliokamatwa. Nikawa naacha mashine nafuatana nao kituo cha polisi hadi kituo, nimeshika nakala ya Kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi isipite siku ya mahakama inayofuata. Mama mmoja aliniomba nimsomee mara nne, kisha akakikariri.

Kazi hiyo naijua na naipenda. Kilichonimaliza ni saa nyingine zote. Nililala na simu kifuani nikitazama video ile ile. Kila kikundi cha WhatsApp kilichoniita niliitika. Nilimfokea mamangu kwa sababu ya kikombe cha chai. Siku moja pale Likoni feri ikajaa ikaondoka, ikaja ya pili ikaondoka, nami nimesimama pale pale, mikono inatetemeka, sikumbuki nilikuwa nakwenda kwa nani.

Shangazi yangu wa Mji wa Kale alikuwa mwalimu miaka mingi. Nilipomsimulia hakunishika mkono wala hakulia nami. Aliniuliza, "Mwanangu, unajihesabu saa ngapi?" Madrasa tulisomeshwa muhasaba, na ile kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Lakini mimi nilidhani ni kuhesabu madhambi tu. Akasema, "Hesabu na nguvu zako. Kisima kikichotwa usiku na mchana hutoa tope, na tope hilo ndilo unalowapa hao akina mama." Akanipa kaunta buku aliyokuwa ameanza kuandikia matumizi ya nyumba. Kurasa zake mbili za mwanzo zina bei ya nazi na unga.

Basi kila usiku baada ya Isha, simu nikiiacha chumba kingine, naandika robo saa. Kwanza yaliyotokea, kwa maneno makavu: nilikwenda wapi, nilifanya nini. Halafu mwili ulisemaje: kifua, tumbo, mikono. Mwisho naandika "Kesho" na jambo moja tu. Hilo la mwisho lilinishinda kwa muda mrefu kuliko yote. Nilikuwa naandika sita, nafuta, nabakisha nne, naona aibu kufuta zaidi, kana kwamba kila ninalolifuta ni mtoto wa mtu.

Majina ya watu siandiki. Daftari laweza kupotea, laweza kuchukuliwa, na walioniamini hawastahili kuponzwa na maandishi yangu. Naandika "mama wa shuka ya kijani", "kijana wa muhogo". Yeyote anayefanya kazi hii na alizingatie hilo kabla hajaandika neno la kwanza.

Alhamisi usiku nasoma wiki nzima kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipopata faida yenyewe. Wiki ya tatu niliona neno "lazima" limejaa kila ukurasa. Nikayahesabu, yalikuwa kumi na tisa. Mbele ya kila moja nikaandika: nani amesema? Mawili tu niliyachagua mwenyewe, kufuatana na akina mama na kuwaandikia viapo. Mengine yalitoka kwa woga wa kuonekana nimerudi nyuma, na mengi kwa hatia, kwamba mimi nilirudi nyumbani salama na wengine hawakurudi. Nilililia lile neno hatia mpaka wino ukaenea. Nililia kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa, ila sikuwa nimekaa matanga.

Nikajitoa katika vikundi vitano. Jumamosi nikawa nawafundisha vijana wa mtaani kuandika ombi kwa Bunge, kwa kuwa Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo, na kutoa maoni yao kwa maandishi bajeti ya kaunti inapojadiliwa. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Zipo wiki ambazo sikuandika kitu, na nikizisoma tarehe za pande zake naona nilikuwa mkali kwa watu.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, watu walijiandaa kutoka tena. Niliandika siku tatu mfululizo kabla ya kuamua, na siku zote tatu mwili ulisema jambo moja: kifua kimebana. Wenzangu nikawaambia sitaandamana, nitafungua duka mapema na kukaa na simu ya familia zitakazohitaji msaada. Rafiki yangu mmoja aliniita mwoga mbele ya watu. Iliniuma sana. Usiku niliiandika kama alivyoisema, nikaandika na chini yake kwamba siku ile nilipiga chapa viapo saba bila kosa, mikono imetulia.

Sasa niko kwenye daftari la nne. Ukurasa wa leo unasema: mvua, mgongo unauma, mama wa shuka ya kijani amepiga simu, kesi ya mwanawe imeondolewa. Kesho: kumtafutia risiti ya dhamana aende akadai pesa zake.