Kumbe maji ni magumu kuliko chakula

Kila aliyekuja kuniona baada ya kiharusi alikuwa na lake la kusema, na karibu wote walisema lile lile: "Mpeni maji, yamlainishe koo." Laiti ningekuwa na sauti siku zile!

Maji ndiyo yaliyonitesa. Upande wa kushoto wa koo langu ulikuwa umelala, na kitu chepesi hukimbia kikafika kabla njia ya hewa haijajifunga. Kizito huja polepole, koo likakisubiri. Mtaalamu wa umezaji alinieleza hayo mapema, nikaitikia kwa adabu, na usiku uleule nikaiba maji.

Mrija wa kunilishia puani ulikuwa umeshatolewa. Nilikuwa nakula vya kupondwa na kunywa vilivyokolezwa kwa unga maalumu. Vinanata, na kiu havikati. Saa nane usiku nikajikokota hadi mezani, nikamimina glasi, nikainua kichwa kama kuku anywapo, maana mjomba alishasema ukiinua kidevu maji hushuka yenyewe. Yalishuka kweli, ila njia ndiyo haikuwa yake. Ajabu, sikupaliwa wala sikukohoa. Nikalala nikijiona shujaa. Asubuhi nilipomsalimia mtaalamu, sauti ilitoka kama ya mtu anayesukutua huku anaongea. "Umekunywa nini?" Hakuuliza kingine. Koo lililokufa ganzi halishtuki kitu kikipita pasipo pake. Homa ikaja, ikawa nimonia, nikarudishwa wodini kwa fedha ambayo ingeninunulia unga wa kukoleza mpaka nichoke.

Baada ya hapo nikawa mtiifu, nikafanya mazoezi yote ya koo. Kunyanyua kichwa nikiwa nimelala chali mpaka nione vidole vya miguu, mabega yasibanduke kitandani. Kumeza mate huku nimeng'ata ncha ya ulimi taratibu (jaribu uone kazi yake). Meno nilisafisha kuliko nilipokuwa mzima, kwa sababu mate ya kinywa kichafu yakiingia mapafuni ni balaa.

Lakini kilichoniokoa ni kugeuza uso. Nilipoambiwa nimeze huku nimegeukia kushoto, upande mbovu, nilidhani mtaalamu amechanganya. Kumbe ukigeukia huko, upande uliolala hubanwa, na tonge linapita upande mzima. Baadaye nikaongeza ujanja wa kikombe: chukua cha plastiki, kata ukingo kwa mkasi, nusu duara ya kupitishia pua, unywe mpaka tone la mwisho kidevu kikiwa chini. Cha kwanza nilikitumia kinyume, nikanywea pale palipokatwa. Kinywaji chote kiliishia mapajani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, kwa mdomo wa upande mmoja.

Supu yenye vipande isikudanganye: mchuzi hutangulia, kipande hubaki nyuma, koo halijui limeze kipi. Na baada ya kula pitisha kidole kwenye shavu lililolegea; mimi nilikuta tonge la mchana jioni. Keti wima nusu saa nzima, hata usingizi ukikuita.

Walipokuja kunipima kwa picha za eksirei za kumeza, mambo yalipita yanakotakiwa. Nikaruhusiwa maji, kijiko cha chai kimoja kimoja. Siku ya kwanza mjomba alikuwapo. Akakodolea macho kile kijiko, akaniinamia.

"Inua kidevu," akasema.