Jinsi ninavyousaka mfereji wa nne kwenye gego la juu

Gego la kwanza la juu lina mzizi mmoja mkorofi: ule wa mbele, upande wa shavu. Mara nyingi hubeba mifereji miwili, yaani njia nyembamba za neva ndani ya mzizi, na wa pili, ambao ndio wa nne wa jino zima, ni mwembamba. Eksirei ya kawaida huilaza mmoja juu ya mwingine. Nikisogeza kichwa cha mashine pembeni kwa nyuzi 20 hivi napata dalili tu: mfereji haujakaa katikati ya mzizi. Inatosha kushuku, haitoshi kuhesabu.

Kuhesabu natumia skani ya CBCT (eksirei ya pande tatu) ya eneo dogo, kipenyo kisichozidi sm 5, vokseli (kijisanduku kimoja cha picha) ya mm 0.075 hadi 0.125. Kwenye vokseli ya mm 0.3, mfereji mwembamba na dentini (tishu ngumu ya jino) iliyouzunguka huingia kijisanduku kimoja, hutoka kijivu, nawe unaapa kwamba haupo.

Faili ikifunguka siharakii kuhesabu. Kwanza nanyoosha mhimili wa mzizi wenyewe, si wa jino zima, kwenye madirisha yote mawili ya wima. Ukikatwa mshazari, mfereji wa duara hugeuka yai, na miwili iliyokaribiana huonekana ufa mmoja. Hapo ndipo wengi hukosea. Kisha nashuka kutoka sakafu ya chemba (uwazi ulio ndani ya taji la jino) hadi nchani, nikisimama kila mm 1 na kuandika: 2, 2, 2, 1. Hiyo ni aina ya II katika orodha ya Vertucci ya maumbo ya mifereji: miwili inaungana kuwa mmoja. Zikibaki 2 mpaka mwisho, ni ya IV. Huo wa pili nautafuta upande wa kaakaa wa mwenzake, kwenye mstari uendao mfereji wa kaakaa au mbele yake kidogo.

Jino lenye pini ya chuma au gutapercha (utomvu mgumu wa kujazia mifereji) hutoa mistari myeusi inayojifanya mifereji. Naifuata kipande kwa kipande: mfereji hubaki ndani ya mzizi, mstari wa chuma huuvuka ukaingia kwenye mfupa.

Kwa meno yaliyong'olewa kuna maikro-CT, skani ya maabara yenye undani zaidi, vokseli ya mikroni 10 hadi 20. Huchukua muda mrefu, na jino likikauka humo hupasuka. Nalihifadhi kwenye thimoli (dawa ya kuzuia vijidudu) ya asilimia 0.1, nalikausha uso tu, nalifunga kwa utando usiopitisha unyevu na kulikaza lisicheze. Nyufa zikitokea, nazitambua kwa kuwa hurudi palepale kwenye vipande vingi mfululizo, ilhali mfereji wa pembeni hupita vichache ukatoweka.