Bamvua la Funafuti

Juzi binti yangu alirudi na kazi ya Jiografia: achague nchi ya visiwa, aandike mji mkuu, idadi ya watu, mto mrefu kuliko yote na mlima mrefu kuliko yote. Kwa ajili ya picha ya Tuvalu iliyopo sebuleni kwetu, akachagua nchi hiyo ya Bahari ya Pasifiki.

"Baba, mto wao unaitwaje?"

Hawana mto. Mlima je? Hawana. Mahali pa juu kabisa hapafiki mita 5 kutoka usawa wa bahari. Mengine tuliyamaliza upesi: visiwa 9, jumla ya kilomita za mraba 26, watu kama 11,000, makao makuu Funafuti, uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 1 Oktoba 1978, fedha ni dola ya Australia. Alipokwenda kulala, mimi usingizi haukuja.

Ulikuwa mwezi wa Februari, mwaka ule nilipokuwa Suva, mji mkuu wa Fiji, nilipotumwa Funafuti kuangalia matangi ya maji. Kule maji ya kunywa ni ya mvua: bati, mfereji, tangi, basi. Mwaka 2011 mvua ziliposusa, serikali ilitangaza hali ya hatari. Nilipanga kwa mama mmoja mtu mzima, jirani na uwanja wa ndege uliojengwa na Wamarekani mwaka 1943 wakati wa vita. Ndicho kiwanja kikubwa kuliko vyote nchini, kwa hiyo jioni watoto hucheza mpira juu ya njia ya ndege, na ndege ikikaribia hupigwa king'ora watu watoke.

Jioni moja jua lilikuwa kali na upepo umetulia. Mama alikuwa anapandisha magunia ya mchele juu ya meza. Nikamuuliza kuna nini, akaninyooshea kidole chini, uani. Sisi watu wa Pangani bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, tunalijua, tumezaliwa nalo. Maji yanatoka baharini, yanapanda ufukwe, unayaona yanakuja, unavuta ngalawa juu. Nikageuka kutazama bahari. Ilikuwa imetulia mahali pake.

Maji yalikuwa yanatoka ardhini. Katikati ya ua, kwenye changarawe za matumbawe, vilianza vipovu vidogo, pwa, pwa. Kila kipovu kikipasuka panabaki unyevu wa duara. Madoa yakaungana, yakawa dimbwi, na dimbwi likaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nikachuchumaa, nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi tupu. Kisiwa chote ni matumbawe yenye matundu, kwa hiyo bahari ikijaa sana hupita chini kwa chini. Hata ukijenga ukuta ufukweni, maji yatatokea nyuma yako. Watoto wa jirani walikuwa tayari wanarushiana maji wakicheka. Nguruwe bandani walipiga kelele. Mama alisimama kizingitini, maji yakimfika vifundoni, akasubiri yapwe.

Yalipopwa alinipeleka kwenye shimo lake la pulaka. Ni jamii ya majimbi, ila majani yake ni makubwa mno. Hulichimbia shimo la kina hadi lifikie maji baridi ya mvua, yanayoelea juu ya maji ya chumvi chini ya kisiwa. Shimo lilikuwa la babu wa marehemu mumewe. Majani yalikuwa ya manjano, na alipong'oa shina moja, kiazi kilikuwa kimeoza. Alikirudisha shimoni, akafukia vizuri kwa mkono. Mpaka leo sijaelewa kwa nini alifukia.

Yaliyofuata mnayajua. Mkataba wa Tuvalu na Australia ulitiwa saini mwaka 2023, watu 280 kila mwaka waruhusiwe kuhamia huko, na bahati nasibu ya kwanza ya viza ilipofunguliwa mwaka 2025 waliomba maelfu. Mjukuu wa yule mama aliniandikia kwamba yeye amejiandikisha, bibi amekataa.

Binti yangu ameniuliza nani kati yao yuko sahihi. Nimeshindwa kumjibu. Pangani nayo bahari inakula ukingo, hilo naliona kila nikienda, lakini sisi tukisogea nyuma kuna Muheza, kuna Korogwe, kuna bara zima. Yule mama akisogea nyuma hatua chache tu anakutana na bahari ya upande wa pili. Labda angepata mahali pa kusogea angesogea. Labda asingesogea hata hivyo.