Kabla hujasaini mkataba wa fleti Uingereza

Waswahili wengi huku siku hizi wanaacha kupanga na kuanza kununua. Nafurahi sana, na wanaponiletea makaratasi tuyasome pamoja nakaa nao hata usiku. Kinachonitia hofu ni kwamba watu wanasaini kurasa zilizojaa maneno ya kale kwa sababu wakili kasema ni lugha ya kawaida. Ya kawaida kwake. Atakayelipa ni wewe.

Anza na leasehold. Kwa England na Wales (Scotland wana utaratibu wao), fleti nyingi huuzwa hivyo: unanunua haki ya kukaa miaka 99, 125 au hata 999, lakini ardhi inabaki kwa mwingine, freeholder. Mtanzania halimsumbui hili. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na hati ya kiwanja ina ukomo wake. Hata ground rent, yaani kodi ya ardhi anayolipwa freeholder, ni ndugu wa kodi ya pango la ardhi tunayolipa serikalini, ila huku inaingia kwenye mfuko wa mtu au kampuni.

Majuzi nilikuwa kwa dada mmoja wa Mombasa. Mkataba upo mezani, kidole chake kimesimama kwenye kodi: "one peppercorn, if demanded". Akaniuliza, kaka, pilipili manga imeingiaje kwenye fleti yangu? Nikamwambia hiyo ni habari njema. Sheria ya Kiingereza hutaka kila upande wa makubaliano utoe kitu, hata kiwe kidogo namna gani, na punje ya pilipili manga ndiyo iliyozoeleka kuandikwa pale ambapo kwa kweli hakuna malipo. Tangu Juni 30, 2022, mikataba mipya ya muda mrefu hairuhusiwi kudai zaidi ya punje hiyo.

Mikataba ya zamani haikuguswa na sheria hiyo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua kodi ya pauni 250 inayojirudufu kila baada ya miaka 10. Leo haitishi. Ukifika mwaka wa 51 unadaiwa pauni 8,000 kwa mwaka, na muda mrefu kabla ya hapo benki zitakuwa zimekataa kumkopesha anayetaka kuinunua kwako.

Neno "demise" huwashtua wengi maana wanalijua kama kifo. Kwenye mkataba ni kupangisha tu, na "demised premises" ndiyo fleti yako. Msilipite haraka. Tafuteni ramani yenye mstari mwekundu na maelezo yake: je, madirisha yamo? Baraza? Dari? Kisichokuwamo si chako, hata kama umekipaka rangi mwenyewe. "Quiet enjoyment" nayo haihusu jirani anayepiga muziki usiku. Ni ahadi ya mwenye jengo kwamba yeye hatakubughudhi katika umiliki wako.

Mengi ya maneno haya yalikuja na Kifaransa cha Wanormandi waliouteka Uingereza mwaka 1066. Bunge liliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza mwaka 1362, lakini wanasheria waliyang'ang'ania. "Mortgage" yenyewe ni Kifaransa cha kale, maana yake rehani iliyokufa.

Kwa wanaotafuta nyumba vijijini, ulizeni kuhusu "chancel repair". Chancel ni sehemu ya kanisa iliyo upande wa madhabahu, na kuna ardhi ambazo mmiliki wake anabeba jukumu la kuitengeneza, awe Mwislamu au Mkristo. Wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, walipambana na dai hilo hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na kushindwa mwaka 2003. Tangu Oktoba 13, 2013, anayenunua ardhi iliyosajiliwa habanwi nalo kama halikuandikwa kwenye daftari la ardhi, kwa hiyo wakili alisome daftari hilo kwa makini.

La mwisho ni "marriage value", ambalo halina harusi yoyote. Mkataba ukibakiza chini ya miaka 80, kuurefusha kunapandisha thamani ya fleti, na mwenye ardhi hudai nusu ya ongezeko hilo. Sheria ya 2024 imelenga kulifuta, ila vipengele vyake vinaanza kutumika kwa awamu, basi mwulizeni wakili kama hicho kimeshaanza. Kila ukiona fleti inauzwa bei nafuu kupita wenzake, tazama kwanza miaka iliyobaki.

Maswali yote mwandikieni wakili kwa barua pepe, naye ajibu kwa maandishi. Shirika la LEASE, linalofadhiliwa na serikali, linatoa ushauri bure kwa wenye leasehold. Fanyeni haya kabla ya kubadilishana mikataba (exchange), hatua inayokufunga kisheria kununua, kwa sababu ukijitoa baada ya hapo unapoteza amana, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei.