Kutoka Mbezi hadi Daraja la Kyaka

Basi letu la Bukoba lilitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Dirishani alikaa mzee mmoja mwenye baraghashia, kapakata kifurushi cha mihogo ya kukaanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaishia wapi?"

Nikamwambia Kyaka. Akacheka. "Mimi mara ya kwanza kwenda huko nilipelekwa na serikali."

Sisi wa Dar tumezoea kuwa jambo zito huja kwa bahari. Hata makomando wa Kiingereza, walioitwa kuzima maasi ya jeshi Januari 1964, walitokea melini wakatua Colito, Lugalo ya leo. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera, hatari iligonga mlango wa nyuma, kama kilomita 1,400 kutoka Ikulu ya Magogoni.

Chalinze, Morogoro, Dodoma. Singida nilipitiwa na usingizi. Nzega miguu ilikuwa imevimba, na bado tuna usiku mzima mbele. Mzee hakuonyesha kuchoka. Enzi zao, alisema, walikwenda Mwanza kwa treni ya Reli ya Kati, wakavushwa ziwa kwa meli, halafu malori kwenye tope la mvua za vuli. Askari wa Amin kutoka Kampala mpaka Mutukula walikuwa na kilomita 200 na ushei tu. "Wao walikuwa na barabara," akasema huku akinimegea muhogo, "sisi tulikuwa na safari."

Bukoba tukapanda Hiace mpaka Kyaka. Hapo ndipo ramani iliponiingia kichwani. Mto Kagera unaonekana kabisa kuwa mpaka, lakini sio. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walikubaliana kufuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, ukabaki ukanda wa ardhi yetu ng'ambo ya mto. Amin akataka mto uwe mpaka, akatangaza kuwa ukanda ule ni wake, na majeshi yake yakalipua daraja hili. Daraja likishakatika, ng'ambo unaiona kwa macho, mkono haufiki. Ilibidi wanajeshi wetu watandike daraja la muda ndipo wavuke. Kampala waliiteka tarehe 11 Aprili 1979.

Gofu la kanisa lililopigwa mizinga bado limesimama. Mzee alilitazama kidogo, akageuka, akaanza kubishana bei na kijana wa bodaboda.

Mimi nikavuka daraja kwa miguu. Maji yalikuwa ya kahawia, yanakwenda bila haraka. Ng'ambo nikampigia mama, Temeke.

"Umeshaingia Uganda?"

"Hapana mama, niko Tanzania bado."

"Siku mbili hizi zote, bado Tanzania?"