Pango Lisilo na Mto

Mwongozaji alipouliza kama kuna mwenye swali, mwenzangu wa Kisumu hakungoja. "Mto wenyewe uko wapi?"

Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa kwanza wa masomo Budapest, Hungaria. Pango la Szemlő-hegy tuliliingia kwa kukimbia baridi zaidi kuliko kutafuta elimu: nje barafu, ndani nyuzi 12, mwaka mzima hivyo hivyo. Swali lake lilikuwa langu pia. Mimi ni wa Tanga. Mapango ninayoyajua ni Amboni, mto Mkulumuzi ukipita jirani, na wenyeji wakikuapia kwamba njia zake zinatokea Mombasa. Hili halikuwa na mto wala hata mlango wa asili. Watu waliokuwa wakivunja mawe kwa ajili ya ujenzi mwaka 1930 ndio waliolitoboa.

"Maji hayakuingia kutoka juu," dada yule alijibu. "Yalipanda."

Akamulika ufa mrefu darini. Mvua inayozama kwenye vilima vya Buda, upande wa magharibi wa jiji, hushuka chini mno, hupata joto na kaboni dayoksaidi, kisha husukumwa kurudi juu kupitia nyufa za mawe ya chokaa. Njiani hukutana na maji baridi yanayoshuka. Yote mawili yameshashiba chokaa, lakini yakichanganyika yanaanza kula mwamba upya.

Hapo nilimwomba arudie. Shibe mbili zinazaaje njaa? Akasema kiasi cha chokaa ambacho maji hubeba hakiongezeki sawasawa na kaboni dayoksaidi. Yakichanganyika, gesi kidogo hubaki bila kazi, nayo ndiyo inayoyeyusha jiwe. Basi nikaelewa kwa nini vichochoro vile vilipinda, vikapanda, vikaishia ghafla ukutani. Hakuna mto unaochimba hivyo.

Jioni alituelekeza chini karibu na mto Danube, mkabala na bafu za Lukács. Huko, katika pango la Molnár János, maji ya vuguvugu yanapanda hadi leo, na wapiga mbizi huogelea ndani ya vyumba ambavyo bado vinachongwa. Mwenzangu hakuyatazama sana maji. Alikuwa anatazama mlima, nyumba zimejipanga hadi kileleni. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mwaka 1984, pale kilima cha József-hegy, mafundi wa ujenzi walitoboa pango jingine ambalo hakuna aliyelijua.

"Na kodi ya huko juu ilivyo ghali, bwana," akasema, tukaenda kutafuta tramu.